Mwanachama Nambari Mia Mbili na Kumi na Saba

Tegid, kando ya jina lako pamebaki patupu.
Ada ya mwaka, pauni thelathini na sita.
Nilikuandikia barua ya kwanza, ya adabu,
ya pili, ya adabu yenye meno,
ya tatu nikaichana, nikachukua ufunguo wa gari.

Mimi ni mweka hazina. Sikuchaguliwa kwa upole wangu.
Lakini miaka tisa nimekaa na daftari hili,
najua watumishi wa vijana wanavyoaga:
hawagombani, hawabamizi mlango,
husahau ada, husahau mkutano wa Machi,
halafu siku moja unasikia wanauza bima huko Wrexham.

Kutoka Bala hadi Blaenau mvua haikunyamaza.
Barabara imebanwa na vilima vya mawe yaliyokataliwa,
masalio ya machimbo.
Hapa babu zao walichonga vigae vya kuezekea miji ya watu,
na nyumba zao wenyewe zikavuja.

Nilikukuta chini ya kanisa, saa nne za usiku,
mikono ndani ya sinki hadi viwiko,
vikombe thelathini na kimoja vyenye ukoko wa chokoleti,
meza ya ping-pong imesimama kwa miguu mitatu,
wa nne ni vitabu vya nyimbo.
"Walikuja wangapi?"
"Thelathini walifuata mkate wa kuchoma.
Mmoja alikuja kwa sababu leo babake yuko nyumbani."

Hesabu hiyo haina safu kwenye daftari langu.

Ukasimulia huku ukisugua kikombe kilekile:
Macsen, miaka kumi na minne,
hataki kuombewa, hataki kuongea,
hupanga viti, huvipangua, huvipanga tena
mpaka uzime taa.
Wazee wa kanisa wanauliza ataokoka lini.
Ustawi wa jamii wanauliza fomu iko wapi.
Mama yake anauliza yanakuhusu nini.
"Na wewe, nani anakuuliza?" nikasema.
Ukacheka,
kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo tunalijua sote.
Ambalo halisemwi ni kidole hicho kinavyouma
kikijaribu, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nikatafuta taulo. Nikakausha.
Sina karama ya maneno; faraja kwangu hutoka kama risiti.
Nikakuambia tu: Non wa Machynlleth
alikaa na mtoto wa namna hiyo miaka miwili,
ile fomu anaijua kurasa zote, mpigie kesho.
Bedwyr wa Pwllheli halali vizuri,
kwa hiyo anapokea simu saa nane za usiku,
na akiomba, huomba kwa ufupi.
Jumanne ya pili tuko Dolgellau, chumba cha juu cha mkahawa.
Hakuna mgeni rasmi.
Kuna supu ya viazi,
na mtu akilia hatumpi kipaza sauti.

Huo ndio mtandao, Tegid. Nilidhani unajua.
Si ile nembo kwenye kadi, njiwa anayefanana na bata.

Ulinipa noti ya ishirini, imelowa povu.
Nikaandika: amelipa sehemu.
Salio nimeliacha wazi kwa makusudi,
ili Aprili niwe na sababu ya kuja.

Karibu na mlango viti vilikuwa nusu duara,
kimoja kimesogezwa mbele kidogo ya vingine.
"Hicho cha nani?"
"Sijui. Hukiacha hivyo kila mara. Sijathubutu kumuuliza."

Nikakikalia, na koti langu linadondosha maji,
wewe ukitafuta swichi ya taa.
Nilikuwa na safari ya saa nzima mbele yangu
na sikuinuka upesi.